Mwongozo kamili wa kuwinda bia ya krafti ukiwa safarini kwa ndege

Mi nimekulia Marangu, kwa hiyo kabla sijasikia neno bia ya krafti nilikuwa nishajua kwamba pombe ina mtu aliyeipika, ina siku yake na ina mahali pake. Mbege ya kwa bibi haikuwa sawa na ya jirani, ndizi zilezile, ulezi uleule, ila mmoja anatia msesewe, yale magome ya mti ya kuipa uchungu, mwingi na mwingine kidogo, na ukiichelewesha siku moja tu imeshakuwa kali inauma ulimi. Bia ya krafti ndo hiyohiyo kwa kweli, kiwanda kidogo, watu wachache, wanapika kwa ladha wanayoitaka wao na sio ladha moja ya kumridhisha kila mtu.

Sasa kazi yangu inanipandisha ndege mara sita saba kwa mwaka. Mwanzoni nilikuwa nakunywa chochote nilichokikuta eapoti, chupa ya kijani ile unayoijua, bei mara tatu ya mtaani, afu nikifika nyumbani mtu akiniuliza huko ulikunywa nini sina jibu. Nimekuja kujifunza taratibu, hela nimepoteza, chupa zimevunjika, ndege moja nusura iniache, na haya hapa chini ndo yaliyobaki. Nimeyaandika kwa mtu anayeondokea Dar, KIA ya Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe, Kigali, Bujumbura au Kinshasa, sababu njia zetu za ndege ndo zinaamua tutakunywa nini.

Hatua ya 1: anza na tiketi, bia baadae

Watu wengi wanakata tiketi afu ndo wanaanza kuuliza "hivi Amsterdam kuna bia gani". Geuza. Ukiwa unalinganisha tiketi na bei zinakaribiana, angalia transiti iko wapi na ni masaa mangapi, sababu hapo ndo penye bia. Transiti ya masaa mawili ni ya kukimbia kwenda geti tu. Ya masaa kumi Addis au Brussels ni siku nzima ya bure umepewa.

Hesabu yangu iko hivi. Chukua masaa ya transiti, toa saa moja ya kutoka nje, yaani foleni ya uhamiaji na kutafuta usafiri, toa masaa mawili na nusu ya kurudi mapema kupita sekyuriti, afu toa barabara kwenda na kurudi. Kinachobaki ndo muda wako wa kukaa na glasi. Transiti ya masaa 7 kwa mji ambao eapoti iko nusu saa kutoka unapoenda, inakuachia masaa mawili na nusu, hayo yanatosha kabisa kukaa sehemu moja kwa utulivu. Chini ya masaa 5 mi sitoki nje, nasoma menyu za humohumo ndani na kuridhika.

Kabla ya yote ni visa. Ukitaka kutoka nje ya eapoti Ulaya lazima uwe na visa ya Schengen, hamna njia ya mkato. Na wenzetu wenye pasipoti ya Congo DRC muwe makini zaidi, nyie mmo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na visa ya transiti hata kama hatoki nje ya eapoti kabisa, kwa hiyo usije ukazuiwa kaunta ya chekini kwa ajili ya kitu ulichoweza kukishughulikia mwezi mmoja kabla. Kingine ni kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa anayerudi Tanzania, ukiwa umekaa zaidi ya masaa 12 eapoti ya nchi yenye homa ya manjano, Ethiopia ikiwemo, unaweza kudaiwa hiyo kadi, na ukiwa umetoka kwenda mjini ndo kabisa. Iweke ndani ya pasipoti ikae humo.

Hatua ya 2: tafuta ukiwa bado nyumbani

Pakua Untappd. Ni programu ya simu ambayo watu wanarekodi bia walizokunywa na wapi wamezinywa, kwa hiyo ukitafuta jina la mji unaona viwanda vidogo, baa, na muhimu zaidi unaona mtu wa mwisho kunywa pale ni lini. Baa ambayo mara ya mwisho mtu kurekodi ni miaka miwili nyuma, jua hiyo imefungwa au imehama. Viwanda vidogo vinahama sana, vinabadilisha siku za kufungua, vinafunga Jumatatu au Jumapili bila kukuuliza, kwa hiyo piga simu au tuma meseji siku moja kabla. Mi natuma tu "kesho mko wazi saa ngapi, na mna bia gani mbichi mliyoifungua wiki hii". Hilo swali la pili linakufanya uonekane mtu anayejali na mara nyingi wanakujibu kwa furaha.

Afu pakua ramani ya mji iwe ndani ya simu, sababu intaneti ya eapoti inaisha ukivuka mlango tu.

Hatua ya 3: jua njia yako ina nini

Hapa nitakaa kidogo.

*Addis.* Kwa watu wetu wengi hii ndo transiti kuu, na eapoti ya Bole iko mjini kabisa, sio zile za kwenda kilomita arobaini. Mtaa wa Bole hapo karibu kuna Beer Garden Inn, wanapika bia yao wenyewe humohumo kwa mtindo wa Kijerumani, haijachujwa, ziko mbili kuu, Blondy ya njano na Ebony nyeusi. Mkiwa wengi mnaletewa ile minara mirefu ya mezani yenye bomba chini, kila mtu anajifungulia. Nilikaa pale jioni moja na Ebony, ina harufu ya mkate uliokaushwa na tamu kwa mbali, pembeni sahani ya tibs, nyama yao ya kukaanga, bado inachemka kwenye chungu chake chenye makaa chini, na nikajiambia hapa hata ndege ikichelewa sina neno. Kuna kitu kimoja kitakusaidia sana Addis, Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi. Saa mbili usiku yao ni saa mbili usiku yetu. Ukipatana na dereva wa teksi kwa saa ya Kiswahili mmeelewana, ila tiketi yako iko kwa saa ya kizungu kwa hiyo usichanganye hizo mbili. Na kama shirika limekulaza hoteli kwa sababu hamna ndege ya mapema, muulize mtu wa mapokezi kuhusu tella, hiyo ni pombe yao ya nyumbani, inatiwa majani ya gesho kuipa uchungu. Mchaga akisikia hivyo anaelewa papo hapo, gesho inafanya kazi ya msesewe, na hopsi, yale maua wazungu wanayotia kwenye bia, inafanya kazi hiyohiyo. Uchungu wa kushikilia utamu usizidi, na kuifanya pombe isiharibike haraka.

*Brussels.* Wa Kigali, Entebbe, Bujumbura na Kinshasa hii ndo yenu, ndege inatoka kwenu moja kwa moja, na mi nawaonea wivu. Utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2016 na ukifika utaelewa kwa nini. Toka eapoti ya Zaventem panda treni, baada ya dakika ishirini na kitu uko stesheni ya Midi, hapo unatembea kwa mguu kama robo saa mpaka Cantillon, kiwanda cha familia kilichoanza mwaka 1900, na bado kinapika kwa njia ya zamani kabisa. Mtu wa kwetu asiikose hii hata kama hapendi bia.

Wanapika shayiri iliyomea pamoja na ngano mbichi, afu ule uji wa moto wanaupandisha juu darini kwenye sinia kubwa la shaba, pana na fupi kama beseni la kupozea, wanaacha madirisha wazi usiku kucha. Hawatii hamira. Hamira inakuja yenyewe na hewa. Ndo maana wanapika miezi ya baridi tu, joto likija vinaingia vijidudu vibaya. Asubuhi wanaiweka kwenye mapipa ya mbao inakaa mwaka mmoja, miwili, mitatu, afu wanachanganya ya umri tofauti wanapata kitu kinaitwa geuze, na wakiloweka cheri chachu ndani yake inakuwa kriek. Glasi ya kwanza niliyopewa pale ilikuwa lambic, yaani hiyo bia ya mapipa kabla haijachanganywa, isiyo na povu kabisa, ya rangi ya asali, nikainusa nikasikia ngozi ya ndizi na ghala la nyasi kavu, nikaonja ikanibana mashavu kwa ule ukali, na moja kwa moja nikaona kata ya bibi mbele yangu, mbege ya siku ya tatu. Mzungu aliyekaa pembeni yangu alikunja uso akaisogeza glasi. Mi niliongeza. Sisi tuliolelewa na mbege, urwagwa, au pombe ya mtama tunayo tayari midomo ya kunywa vitu hivi, hatuhitaji kufundishwa kupenda ukali wa chachu.

Kama muda upo, mjini kati kuna Moeder Lambic pale Place Fontainas, na kuna Delirium Café ambayo mwaka 2004 iliingia kwenye rekodi za Guinness kwa kuwa na bia 2,004 za aina tofauti. Delirium imejaa watalii na kelele, mi naenda Moeder Lambic, wahudumu wanajua wanachouza.

*Amsterdam.* Hii ni ya KIA na Dar kwa miaka mingi. Treni ya Schiphol mpaka Centraal haizidi dakika ishirini, kutoka hapo unaenda mashariki ya mji mpaka kwenye kinu cha upepo kikubwa cha mbao kinaitwa De Gooyer, pembeni yake ndo kuna Brouwerij 't IJ, ilianza mwaka 1985. Bia yao ya kwanza ni Zatte, ya njano, asilimia 8, inapita laini kama juisi kwa hiyo iheshimu sana, ukinywa tatu unarudi Schiphol unatafuta geti usilolijua. Hali ya hewa ikiwa nzuri kaa nje chini ya kinu.

*Munich.* Hapa huhitaji hata kwenda mjini, ndani ya eneo la eapoti katikati ya teminali 1 na 2 kuna Airbräu, kiwanda cha bia kamili kilichofunguliwa 1999, matangi unayaona kwa macho yako, wahudumu wanabeba glasi za nusu lita. Ila iko nje ya sekyuriti, kwa hiyo ile visa ni lazima. Agiza FliegerQuell kama unataka nyepesi au Kumulus ya ngano.

*Huku kwetu.* Usidharau. Nairobi Brew Bistro ndo waliowafungulia wengi macho, na majina ya kutafuta madukani na kwenye baa ni 254 na Bateleur. Kutoka JKIA ukipita Expressway unafika Westlands haraka, ukipita chini Mombasa Road jioni basi umeamua mwenyewe. Kigali kuna Kweza, kiwanda kilichoanzishwa na wanawake, na ni haki kabisa maana kwetu kote pombe ilikuwa mikononi mwa mama zetu tangu zamani. Kampala kuna Banange, ila Entebbe na Kampala ni mbali kama kilomita 40, usijaribu kwa transiti fupi, hiyo iweke kwa safari ya kulala. Dar tafuta Crafty Dee's. Na ukishuka Johannesburg au Cape Town tafuta bia zenye jina Tolokazi, zinapikwa na Apiwe Nxusani-Mawela, dada wa kwanza mweusi Afrika Kusini kuanzisha kiwanda cha krafti, na anatumia mtama kwenye baadhi ya bia zake.

*Ghuba.* Doha na Dubai bia zipo ndani ya teminali lakini ni za makampuni makubwa kwa bei ya kuumiza, mi huko nakunywa maji na chai nasubiri. Ukiwa una siku Abu Dhabi kuna mgahawa unaitwa Craft by Side Hustle wanapika bia humohumo. Kuhusu kubeba chupa kupitia Ghuba nitasema chini, soma hiyo sehemu.

*Marekani.* Eapoti zao nyingi zina baa za viwanda vya mji husika, Portland ya Oregon ndo naipenda zaidi kwa sababu uwanja unawalazimisha wenye maduka wauze kwa bei ileile ya mjini. San Diego kuna Stone teminali 2. Kumbuka umri ni miaka 21 na watadai kitambulisho hata kama una mvi, kwa hiyo usiiache pasipoti kwenye begi la chini.

Hatua ya 4: namna ya kuagiza

Usiagize nusu lita ya kitu usichokijua. Sehemu nyingi za krafti wana vile viglasi vidogo vidogo vya kuonja, vinne au vitano kwenye kibao cha mbao. Chukua hivyo, anza na nyepesi ya njano malizia na nyeusi au chachu, ukianza na kali ulimi unakufa hutasikia zilizobaki. Kama hawana kibao muombe mhudumu aonjeshe kidogo kabla, haoni vibaya.

Maswali yangu ni matatu tu. Ipi mmeipika hapahapa? Ipi ni mbichi zaidi? Na wewe ukimaliza kazi unakunywa ipi? Hilo la mwisho ndo linaleta jibu la kweli.

Umbichi ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. IPA, ile yenye hopsi nyingi yenye harufu ya machungwa na maembe, inapoteza harufu kila wiki, mi sinunui ya kopo kama imepita miezi mitatu tangu ijazwe, na tarehe iko chini ya kopo, pindua uone. Nyeusi nzito za asilimia 10 na geuze zinakaa miaka na zinazidi kunoga. Chupa za kijani na za kioo cheupe ziepuke kama zimekaa dirishani kwenye mwanga, mwanga unapigana na hopsi unatoa harufu ya kicheche, na hiyo haitoki tena.

Ikija, inuse kabla ya kunywa. Kama ina baridi kali ya kuuma meno iache dakika tano, baridi inaficha ladha, hilo ndo jambo ambalo sisi tuliozoea bia "ya baridi sana" tunatakiwa kulivumilia kidogo. Kula pia. Bia chachu na jibini, nyeusi na nyama choma au chokoleti, ya ngano na samaki.

Hatua ya 5: ukiwa hewani

Nasema ukweli, ndege ni mahali pabaya pa kunywa bia nzuri. Hewa ndani ya ndege inawekwa kama uko mlimani kwenye mita 1,800 mpaka 2,400 hivi, chukulia katikati ya Nairobi na Addis, na ukavu wake ni wa jangwa, unyevu chini ya asilimia 20. Pua inakauka, na pua ndo inayonusa bia. Lufthansa waliwahi kupima na taasisi ya Fraunhofer wakakuta chumvi na sukari zinapungua sana mdomoni, ndo maana watu wanaagiza juisi ya nyanya huko juu, ile ladha ya nyanya haipotei. Povu nalo linakuwa kubwa kwa sababu ya mkandamizo mdogo, kwa hiyo mimina polepole glasi ikiwa imeinama.

Kuna mashirika yamejaribu kushughulikia hilo. SAS wa Skandinavia walishirikiana na kiwanda cha Mikkeller cha Denmark kupata bia za kunywea angani, Cathay Pacific walitoa Betsy mwaka 2017 wakaiweka asali na tunda la longani ili isikike, British Airways waliposherehekea miaka 100 mwaka 2019 walitoa bia ya Speedbird 100 wakishirikiana na kiwanda cha BrewDog. Ukikutana nazo chukua. Ukikuta za kawaida tu, mi nachagua yenye utamu wa kimea, nyeusi au nyekundu, uchungu mkali hewani unabaki peke yake bila harufu na unachosha.

Moja inatosha. Sio kwa ajili ya kuhubiri, ni afya. Mwaka 2024 kituo cha anga cha Ujerumani, DLR, kilitoa utafiti, watu walikunywa afu wakalala kwenye chumba chenye hewa kama ya ndege, oksijeni kwenye damu ikashuka mpaka kama asilimia 85 na moyo ukawa unakimbia wakiwa usingizini. Mtu mwenye shida ya moyo au mapafu asifanye hivyo kabisa. Mi nakunywa moja na chakula, maji glasi mbili, nalala baadae sana. Na vidonge vya usingizi usichanganye.

Usifungue chupa yako mwenyewe ndani ya ndege, hata kama umeinunua dyutifrii dakika kumi zilizopita. Marekani ni kosa kisheria, unakunywa unachopewa na wahudumu tu, na mashirika mengi kwingine wana sheria hiyohiyo.

Hatua ya 6: kuzileta nyumbani salama

Begi la mkononi halipokei kimiminika zaidi ya mililita 100 sehemu nyingi duniani, kwa hiyo bia yote inaenda begi la chini. Kinachokuruhusu ni kwamba kinywaji chenye kilevi chini ya asilimia 24 hakina kikomo cha usalama wa ndege, bia zote ziko chini ya hapo, kikomo chako ni kilo na forodha. Ukinunua dyutifrii baada ya sekyuriti wanakufungia kwenye mfuko maalum wenye risiti ndani, usiufungue mpaka ufike, maana kwenye transiti wanaukagua tena na ukikutwa umefunguliwa chupa inabaki pale.

Watu wanaogopa chupa italipuka kule chini. Hailipuki kwa hewa, sehemu ya mizigo nayo ina mkandamizo kama huku juu mlikokaa. Inavunjika kwa kurushwa. Mi yangu ya kwanza ilivunjika hivyo, chupa kubwa ya kriek, begi likaja kwenye mkanda linadondosha maji mekundu na watu wananiangalia kama nimebeba kitu kingine, mashati mawili meupe hayakupona tena. Tangu siku hiyo nafunga hivi.

Kwanza chupa naiingiza ndani ya soksi nzito, shingo kwanza, kitako kinafunikwa na soksi ya pili. Afu naivika nepi ya mtoto, ndio, ile pampers ya kawaida saizi kubwa, naizungusha tumboni mwa chupa naibana na gundi zake, ikivunjika inanyonya karibu yote. Juu yake khanga au kikoi, mizunguko miwili, ncha nazifunga fundo. Vyote vinaingia kwenye begi lisilopitisha maji, lile la watu wa boti na wapiga mbizi, linakunjwa mdomo na kubanwa. Usitumie mifuko ya plastiki ya madukani, Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008, Kenya 2017, Tanzania Juni 2019, unaweza kunyang'anywa au kupigwa faini kwa ajili ya mfuko na sio bia. Chupa zikae katikati ya begi, zimelala, viatu na vitabu pembeni, nguo juu na chini, kusiwe na sehemu ambapo ukibonyeza kwa kidole nje unagusa glasi. Mwisho funga begi, linyanyue, litikise kwa nguvu ukiwa umeweka sikio. Ukisikia glasi inagonga glasi, fungua anza upya.

Uzito upige kabla. Ile chupa nene ya mililita 750 ikiwa imejaa ni kama kilo moja na nusu, kopo la 440 ni kama nusu kilo. Kwa kilo 23 za begi ukiweka chupa kubwa sita ushakula kilo tisa. Ushauri wangu, makopo kwa IPA, chupa kubwa mbili tatu tu kwa kitu ambacho hakipatikani kabisa kwetu. Bia ya bomba wanayokujazia kwenye jagi la kioo usibebe, inakufa siku mbili.

Hatua ya 7: forodha na nchi zisizotaka pombe

Ukifika kwetu, ukiwa na chupa chache za kunywa nyumbani sema ukweli ukiulizwa, onyesha risiti, tabasamu, ukidaiwa ushuru lipa udai stakabadhi. Ukiwa na katoni hiyo ni biashara, usijifanye ni zawadi.

Sasa Ghuba. Saudia na Kuwait pombe hairuhusiwi kuingia, kwa hiyo ndugu yangu unayeenda kazini huko usibebe hata kopo moja la kumbukumbu, haijalishi umelifunga vipi. Qatar huruhusiwi kuingia nchini na pombe kutoka nje, ukiwa unapita tu na begi limepigwa lebo mpaka mwisho wa safari ni sawa, lakini ukiamua kutoka nje ya eapoti Doha na begi lako la chupa utaziacha forodha. Kwa hiyo muulize mtu wa chekini mwanzoni kabisa, begi linaenda mpaka wapi, na usome ile lebo mwenyewe, herufi tatu za mwisho ziwe za nyumbani, DAR, JRO, NBO.

Hatua ya 8: usizifungue siku uliyofika

Bia iliyotoka kutikiswa masaa kumi na tano inahitaji kutulia, hasa zile zenye hamira chini ya chupa. Isimamishe mahali pa giza na ubaridi, siku tatu angalau, geuze na bia za kitawa za Ubelgiji mi naziachia wiki. Masaa machache kabla iingie kwenye friji ikiwa imesimama. Ukimimina usiitikise, mimina taratibu mpaka ukiona tope linakaribia shingo ndo unasimama, hilo tope sio sumu ni hamira tu, wengine wanalipenda wanalinywa kwenye glasi ndogo pembeni.

Mwaka juzi Krismasi nilifungua geuze moja Marangu, baba mdogo ambaye ndo anapika mbege ya ukoo sa hivi nikamtilia kwenye kata yake badala ya glasi. Akanusa muda mrefu, akanywa, akauliza hawa wanatia msesewe gani. Nikamwambia ni maua ya hopsi lakini wameyahifadhi miaka mpaka yamezeeka yamepoteza ukali, wanachotaka ni yazuie kuharibika tu. Akasema basi nimuulizie huyo mzungu hamira anaitoa wapi. Nikamwambia haitoi popote, anafungua dirisha. Akainamisha kata akamalizia, akasema nyingine niliyonayo nisiifungue mpaka mbege ya wiki ile iwe tayari, tuziweke pamoja mezani. Tulisubiri siku nne.

IPA za makopo ndo za kuwahi, zimalize mwezi uleule uliofika nazo.